Daftari Kabla ya Korosho

Septemba, watoto wa darasa la saba wanapofanya mtihani wa taifa, mikorosho ya Msimbati, Mtwara, na vijiji vilivyo jirani na mlango wa Mto Ruvuma ndiyo kwanza inaonyesha mabibo. Fedha ya nyumba imeishia kwenye kupulizia mikorosho, na minada huanza Oktoba. Hapo ndipo hupita mnunuzi wa kangomba, anayenunua nje ya mnada, na pesa taslimu, kwa bei ya kutupa, korosho zikiwa bado mtini. Mama ambaye daftari la mwanawe limeandikwa hadi ndani ya jalada anaijua fika hasara hiyo. Anauza.

Wengi humwita mzembe. Nakataa. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan na wenzao walitoa matokeo ya wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipewa mafumbo ya michoro mara mbili: kabla ya mavuno, akiwa amekaukiwa fedha, na baada ya kulipwa. Alipokaukiwa alikosea zaidi. Akili haikuwa imepungua. Ilikuwa imekaliwa na madeni. Si kila jaribio la baadaye lilipata hivyo, lakini upande wa wakati wa fedha una ushahidi wa karibu na kwetu.

Huko Busia, Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwawezesha wakulima wa mahindi kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, wakaletewa bure. Waliotumia mbolea waliongezeka sana. Nchini Uganda, Dean Karlan na Leigh Linden walijaribu masanduku ya akiba shuleni. Wanafunzi waliorudishiwa akiba taslimu waliweka zaidi kuliko waliofungwa kwa vocha za vifaa. Na wazazi wa hao wa taslimu waliposhirikishwa, vifaa vilinunuliwa, alama zikapanda.

Kwetu Tanzania, sera ya elimu bila malipo ilianza 2016, ila sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Mkulima wa Mtwara hulipwa baada ya mnada kupitia chama cha msingi, na makato yameshamchosha. Kumkata tena kwa lazima, hata kwa akiba ya shule, ni kumsukuma kwa kangomba. Aulizwe tu, palepale kwenye mizani, kabla fedha haijaingia: kiasi gani kikae kando hadi Septemba ijayo? Akitaka, aweke; akiuguliwa, achukue. Ni swali la dakika moja, gunia likiwa bado linaning'inia.