MAMA, UMESHIKA UFUNGUO WA RUTA?

Siku hizi nyumba nyingi zimefungiwa intaneti. Fundi huja, huunganisha kifaa kiitwacho ruta, na taa zikishawaka huaga. Mara nyingi ni kijana wa nyumbani anayebaki akijua jinsi ya kukitawala, huku wazazi wakilipa ankara tu. Sisi tunaona inafaa mama ajifunze mwenyewe, maana huo ni mlango wa nyumba yake.

Mahali pa kuiweka
Ruta hutoa mawimbi pande zote. Iweke juu, karibu na katikati ya nyumba. Isikae nyuma ya televisheni, wala karibu na friji au maikrowevu. Kuta za zege nazo hudhoofisha mawimbi. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi. Ya 5 GHz yana kasi zaidi, lakini huishia karibu.

Waya au mawimbi?
Nyuma ya ruta kuna matundu. Lile lililoandikwa WAN hupokea waya wa intaneti kutoka nje. Yaliyoandikwa LAN ni ya kuunganishia kompyuta na televisheni. Waya huo hufaa hadi urefu wa mita 100, na kuta haziusumbui. Basi visivyohama vipewe waya, na simu zitumie mawimbi. Hapo pana faida ya malezi pia: kompyuta ya waya hukaa sebuleni machoni pa wote, lakini simu humfuata mtoto hadi kitandani.

Kufunga mlango
Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na neno la siri. Andika anwani hiyo kwenye simu iliyounganishwa na ruta, pale unapoandika anwani za tovuti. Ukiingia, badilisha maneno ya siri yote mawili: la kufungulia mipangilio na la kutumia intaneti. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ikiwa ruta ina mtandao wa wageni, wape huo wenzako wa kikundi cha maombi.

Watoto
Ruta nyingi huweza kupangiwa saa za kuzima intaneti. Panga hivyo usiku, kwani mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Pia, katika sehemu ya DNS, ukiandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, namba za kampuni ya Cloudflare, tovuti nyingi za picha chafu zitazuiwa. Lakini kumbuka, mtoto akitumia bando la simu, kizuizi hicho hakimfuati.

Kwa hiyo tusiiachie ruta kazi yetu. Tukae na watoto, tuwaulize wameona nini, tuwasikilize bila kuwafokea, na tuwaombee. Ruta haiwezi kufanya hayo.