Supu ya ngolo inasaidia, lakini haiondoi pombe

Asubuhi mapema, kwenye malewa ya Makiso ama ya Mangobo, mama mpishi anamjua mgonjwa wake mbele huyo hajafungua kinywa. Macho mekundu, sauti ndogo. "Mama, unipe supu ya ngolo, ya moto, na pilipili mingi." Nusu saa nyuma mutu anasema amepona. Amepona kweli?

Pombe inazuia ile homoni inayoambia figo zirudishe maji mwilini. Ndiyo sababu unaamkaka usiku kukojoa, na asubuhi ulimi umekauka kama karatasi. Tena ini, wakati linavunja pombe, linatengeneza sukari kidogo tu: mwenye alikunywa bila kula anatetemeka, hana nguvu. Na tumbo linawaka.

Sasa angalia sahani. Supu inarudisha maji na chumvi pamoja. Lituma, ndizi yetu ya kutwanga, inaleta wanga, na wanga inageuka sukari polepole; chai ya sukari inafanya hivyo haraka zaidi. Pilipili inatoa jasho, basi. Kama tumbo linawaka, itazidisha moto. Kahawa inafungua macho lakini haiondoi ulevi. Mwenye anatapika na supu inamshinda, umpe maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Ni dawa ileile mama anapeaka mtoto mwenye kuhara. Anywe kidogo kidogo.

Lakini pombe yenyewe, hakuna chakula kinaiondoa kwenye damu. Tupige hesabu. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, ya asilimia 5, iko na gramu 28 hivi za alkoholi. Ini linavunja gramu 7 mpaka 10 kwa saa, na halisikilize pilipili. Ndugu mchimbaji aliyeuza almasi yake, akaanza saa mbili ya usiku na kumaliza chupa nne: damu yake itakuwa safi saa moja ya asubuhi kama ini lake ni la mbio, saa sita ya mchana kama si la mbio. Supu amekunywa saa kumi na mbili. Kichwa kimepoa, lakini mikono ingali ya mlevi.

Wengine wanasemaka: "Kamoja ya asubuhi kanatoa ile ya jana." Kanatuliza, ni kweli, juu mwili unalewa tena. Maumivu yanangoja tu. Na kama hako kamoja ni lotoko, hatari ni ingine. Lotoko inaweza kuwa na methanoli, na hakuna mwenye anaipima kwenye pipa. Dalili zake zinaweza kuchelewa nusu siku ao siku nzima. Mutu akisema anaona kama ukungu, ao anapumua mbio mbio, mama, usimpikie supu na usimwache alale. Hospitali, saa hiyohiyo. Parasetamoli nayo usimpe nyingi: ini lake liko na kazi tayari.

Inabaki shimo. Mwenye kuteremka anaweka uhai wake mikononi mwa mwenye kushika kamba juu. PDG wa shimo akimuona mutu wa jana, hata kama amekula vizuri, ampeleke kuosha changarawe mpaka mchana. Kamba ashike mwingine.