Usimwambie boda wako aache pombe leo leo

Wadau, leo siongelei picha wala bei. Naongelea boda anayebeba mizigo yetu.

Nauza viatu vya mtumba mtandaoni, niko Tabata. Boda wangu nimefanya naye kazi miaka miwili, Mbagala, Mbezi, Kigamboni, kote anafika. Baadaye akawa anakuja asubuhi ananuka. Nikimuuliza, "Natoa loki tu dada." Mimi nacheka, nampa na hela ya mafuta. Tena nilikuwa namlipa keshi kila jioni, na kijiwe chao kimepakana na duka la pombe. Sikuwaza kabisa.

Tunajidanganya kwamba hii kitu iliisha viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kilichoondoka ni vile vifuko vya plastiki. Chupa ndogo inaingia mfukoni vilevile.

Siku viatu vya bibi harusi vilipoenda kwa mtu mwingine, na 45,000 ya mteja isionekane, nikawaka. Nikamwambia kuanzia leo pombe basi, au kazi basi. Akaacha kweli! Ijumaa hakugusa. Jumamosi mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hajalala. Nikasema hiyo ni pombe inamtoka, atatulia tu. Jumapili asubuhi wenzake wakanipigia: kaanguka kijiweni, anatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Wengine wanasema kifafa, wengine karogwa.

Daktari akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisikia. Mtu anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umeshazoea kuishi na pombe. Ukiikata ghafla unachachamaa. Anatetemeka, anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na siku ya 2 au ya 3 anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo. Wapo wanaokufa. Ndiyo maana mtu wa hivyo anaachishwa kwa usimamizi wa hospitali, anapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1. Sio maji ya ndimu, sio kumfungia ndani.

Wa unga ni habari nyingine. Arosto inatesa, ila kuna methadoni, dawa ya maji ambayo Muhimbili walianza kuitoa 2011. Ni bure, na mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Ukiwa na kijana anayeitumia, mzigo wa asubuhi mapema usimpe. Mwache akanywe dawa kwanza.

Wangu amerudi kazini. Namlipa Jumamosi, kwa simu, nusu inaenda kwa mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Ile 45,000 bado namdai. Mwezi uliopita aliteleza mara moja, akanipigia saa 12 asubuhi: "Dada, leo sipandi pikipiki." Mizigo 4 ikalala, wateja wawili wakaghairi, nikawarudishia hela zao.