BARAFU TAMU YA MACHUNGWA, NA MAJI YA KUITENGENEZA

Mgonjwa aliyetoka katika homa mara nyingi anakataa ugali, anakataa hata supu. Lakini ukimpa kijiko cha barafu ya machungwa, atakipokea. Barafu hiyo inapoza kinywa, tena inampa maji na sukari kidogo kidogo. Siku ya Noeli au ya arusi, watoto nao wanaifurahia. Si kazi ngumu kuitengeneza nyumbani. Lakini kuna neno moja la kushika kwanza, maana barafu hiyo hiyo inaweza kumrudisha mgonjwa hospitalini.

Neno lenyewe ni hili: BARIDI HAIUI VIDUDU.

Moto wa kuchemsha unaviua. Baridi inavilaza tu. Barafu ikiyeyuka tumboni, vidudu vinaamka na kuanza kazi yao. Watu wengi wanadhani barafu ni safi kwa sababu inang'aa kama kioo. Katika Matayo 23 Bwana Yesu aliwakemea watu waliosafisha kikombe kwa nje na kuacha uchafu ndani. Barafu ya maji mabaya ni kama kikombe kile.

Mwaka 1991 kipindupindu kiliingia Peru, katika Amerika ya Kusini. Waganga walipotafuta njia zake, waliona kwamba barafu iliyotiwa katika vinywaji vya kuuzwa njiani ilikuwa njia mojawapo. Na sisi wa Kivu tunaujua ugonjwa huu. Mwaka 1994 uliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma.

Wengine watasema, "Ukali wa ndimu unaua vidudu." Ni kweli kwamba kidudu cha kipindupindu hakipendi ukali. Lakini ukiisha kuchanganya ndimu na maji na sukari, ukali unapungua, na vidudu vingine vinaustahimili. Usiitume ndimu kufanya kazi ya moto.

VITU VYA KUTAYARISHA

Maji, vikombe 2 vya chai. Sukari, kikombe 1. Machungwa ya kutosha kutoa vikombe 2 vya maji ya matunda. Ndimu 2. Usipunguze sukari sana, kwa maana barafu itakuwa ngumu kama jiwe. Usiizidishe pia, kwa maana haitaganda vizuri.

Tumia chombo cha kioo, cha plastiki ya chakula, au cha enameli isiyobanduka. Usitumie ndoo ya bati. Ukali wa matunda unakula bati, na anayekunywa anaweza kutapika. Wala usitumie chombo kilichowekwa dawa ya shamba, hata kama kimeoshwa mara kumi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu, vyombo na matunda kabla ya kukata. Kisu kinachukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani ya tunda.

2. Tia maji na sukari katika sufuria, weka juu ya makala. Maji yakianza kububujika, yaache yabubujike dakika 3. Funika, yapoe.

3. Kamua machungwa na ndimu. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Changanya na maji ya sukari yaliyopoa.

4. Weka katika firigo, mahali pa kugandisha. Kila nusu saa koroga kwa uma safi, ukivunja barafu inayoshika pembeni. Baada ya saa 3 au 4 itakuwa laini, ya kuliwa kwa kijiko.

Ukitaka kuigandisha katika vifuko, usikoroge. Jaza vifuko vipya vya chakula, uvifunge. Usipulize kifuko kwa kinywa ili kukifungua. Pumzi na mate yako vitaingia ndani.

KAMA HUNA FIRIGO

Nunua barafu, uipondeponde. Katika ndoo kubwa changanya vipimo 3 vya barafu na kipimo 1 cha chumvi. Weka katikati sufuria ndogo yenye maji ya machungwa, na kifuniko chake. Barafu isifike kwenye kifuniko. Zungusha sufuria, na mara kwa mara funua na kukoroga. Baada ya nusu saa hivi itaanza kuganda.

Chumvi inafanya nini? Inayeyusha barafu upesi. Barafu inapoyeyuka inahitaji joto, na joto hilo inalichukua katika sufuria. Ndiyo sababu barafu yenye chumvi ni baridi kupita barafu tupu. Usiishike kwa mkono mtupu, kwa maana inaweza kuunguza ngozi. Watoto wasichezee.

Angalia sana: barafu ya kununua, kama ile ya wauza samaki, ni ya kukaa nje ya sufuria tu. Hujui ilitoka kwa maji gani. Tone lake lisiingie ndani. Ukifunua kifuniko, kipanguse kwanza.

UMEME UKIKATIKA

Barafu ikiyeyuka na kukaa katika joto, usiigandishe tena ili kuuza au kumpa mgonjwa. Imwage. Hasara ya sukari ni ndogo kuliko hasara ya mtoto.

WATU WA KUANGALIA

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe. Yeye ni wa maziwa ya mama tu.

Mgonjwa wa sukari asipewe bila kuuliza munganga. Mwenye vidonda kinywani apewe ya machungwa matamu, bila ndimu.

Mtu anayehara asitibiwe kwa barafu hii. Sukari yake ni nyingi, inaweza kuongeza kuhara. Mpe maji ya chumvi na sukari: katika litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo. Mama aendelee kumnyonyesha mtoto. Akihara maji mengi kama maji ya mchele, mlete hospitalini upesi, hata usiku, ukimnywesha njiani.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Ni nini kinachoua vidudu, moto au baridi?
2. Barafu ya wauza samaki inakaa wapi, ndani ya sufuria au nje?
3. Mtoto wako akianza kuhara leo usiku, je, sukari, chumvi na maji yaliyochemshwa vipo nyumbani?