Mtoto kiziwi anahitaji lugha kabla ya dawati

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuinyima lugha ishara heshima yake. Ibara ya 7 inaitaka serikali iikuze pamoja na breli, Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na Ibara ya 120 inaiweka kuwa lugha rasmi ya Bunge sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Hata katika mitihani ya taifa, mtahiniwa kiziwi hufanya Lugha Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Sheria basi tunayo. Kasoro ni kwamba msaada wa serikali humngoja mtoto kwenye lango la shule, na akifika hapo huwa keshachelewa.

Zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua ishara hata moja. Mtoto anayesikia huanza shule akiwa na lugha nzima aliyoiokota jikoni, uani na mgongoni mwa mama. Mwenzake kiziwi huja na ishara chache za nyumbani: njoo, kula, lala. Huenda hajui kwamba ana jina. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hunasa lugha kwa wepesi, nayo ikishapita, mwalimu wa darasa la kwanza hulazimika kufundisha lugha na hesabu kwa mpigo. Vituo vya tathmini ya elimu vilivyoanzishwa 1984 vina kazi kubwa ya kupima masikio na kumwonyesha mzazi shule ya kumpeleka mwana. Vingepewa pia walimu viziwi wa kuifunza familia nzima ishara, mtoto angefika shuleni na lugha yake mkononi.

Shuleni nako kuna jambo. Kwa miaka mingi shule zetu zilishikilia kusoma midomo, urithi wa mkutano wa walimu uliofanyika Milan 1880 na kuzipiga marufuku ishara darasani. Ishara zilipokubaliwa, walimu wengi walizitumia kwa kupanga Kiingereza mikononi, neno kwa neno, hadi viambishi vyake. Lugha Ishara ya Kenya haiendi hivyo. Ukitaka kujua jina la mtu, unaashiria JINA, kisha LAKO, kisha NANI mwishoni, huku nyusi zimekunjwa. Nyusi zisipokunjwa, swali halijakamilika. Mwalimu aliyejifunza orodha ya ishara bila sarufi ya uso ni kama msomaji asiyetambua alama ya kuuliza. Kwa hiyo cheti cha elimu maalumu pekee hakitoshi. Mwalimu apimwe anavyoashiria kabla ya kupangiwa darasa la viziwi.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Lakini fedha zinatumika tayari, kwa mabweni, vitabu na mishahara, kumhudumia mwanafunzi anayekaa miaka mingi darasani bila kumwelewa mwalimu. Huko ndiko kupoteza. Wengine watatetea elimu jumuishi: mtoto asome shule ya jirani, alale kwao. Hoja hii ina uzito, kwani bweni humtenga mtoto na ndugu zake. Ila kumketisha miongoni mwa wanafunzi 60, mwalimu akizungumza huku ameelekea ubaoni, si kumjumuisha. Anachokiona ni mabega. Ujumuishi wa kiziwi unadai mkalimani, viti vilivyopangwa nusu duara na viziwi wenzake wa kuzungumza nao. Nacho kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengine hukiona ndiyo dawa, kinataka betri na fundi, na asiyesikia kabisa hakimfai. Anayekitumia pia hapungukiwi kwa kujua ishara.

Bajeti ya elimu maalumu isipimwe kwa idadi ya madarasa yaliyozinduliwa. Wabunge, ambao wana wakalimani ndani ya ukumbi wao, waiulize Wizara ya Elimu kila mwaka swali moja: ni watoto viziwi wangapi wametimiza miaka mitano wakiwa wanaweza kusimulia walichokifanya jana? Na mzazi ambaye mwanawe haitiki anapoitwa asisubiri umri wa shule. Ampeleke akapimwe sasa, kisha amtafute kiziwi mtu mzima wa kumfundisha yeye na mwanawe.