Kizuri hakijiuzi tena

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, nasi walimu tumeirudia methali hii darasani mwaka nenda mwaka rudi bila kuitilia shaka. Hata hivyo, ukimwuliza msusi wa vyondo wa Machakos au mchongaji wa mawe wa Tabaka kule Kisii, anayejaribu kuuza kazi ya mikono yake kwa njia ya intaneti, atakwambia kwamba siku hizi hata kizuri sharti kijitembeze. Tena kijitembeze usiku na mchana: kipigwe picha, kisifiwe, kijibiwe maswali ya wageni wasioonekana, na kikinyamaza kwa juma moja tu, kisahaulike. Swali linalonishughulisha katika makala haya ni hili: je, aliyekitengeneza hicho kizuri atapata wapi wasaa na utulivu wa kutengeneza kingine?

Hapana shaka kwamba intaneti imemletea msanii heri. Kwa miaka mingi mchongaji alimtegemea dalali aliyefika kijijini na gari lake, akataja bei aitakayo, akapakia mali na kwenda zake. Leo msanii mwenye simu aweza kumwonyesha kazi yake mtu aliye Nairobi, Dubai au Chicago, bila dalali. Tangu M-Pesa ianzishwe hapa nchini mwaka 2007, malipo ya ndani ya nchi yamekuwa jambo la dakika moja. Mgala muue na haki yake mpe.

Lakini heri hiyo ina gharama zake. Chukua mfano wa Etsy, soko la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kazi za mikono. Muuzaji hulipa senti 20 za dola ili bidhaa yake itangazwe, kisha hukatwa asilimia 6.5 ya bei pamoja na nauli. Mkoba wa dola 40 unaotumwa kwa nauli ya dola 20 humtoa muuzaji dola 3 na senti 90, kabla ya ada ya kupokea malipo. Hadi Aprili 2022 makato hayo yalikuwa asilimia 5. Yalipopandishwa, wauzaji wengi walifunga maduka yao ya mtandaoni kwa juma zima wakilalamika. Isitoshe, mnamo Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha uliokuwa ukiviruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia nchini humo bila ushuru. Msanii asiyeandika hesabu zake aweza kuuza mwaka mzima akidhani anapata, kumbe anapoteza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Gharama iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haiandikwi katika daftari lolote. Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wangu chuoni, binti mwenye kipaji cha kushona mikoba ya ngozi na kuitia nakshi za shanga, alinieleza kwamba mkoba wake mmoja wa rangi ya samawati uliwapendeza wengi mtandaoni. Maagizo yakafuatana, yote yakitaka mkoba ule ule, kama ulivyo pichani. Akiweka picha ya mkoba wa namna nyingine, hakuna aliyeutazama. Mwaka ukaisha hajabuni jambo jipya hata moja. Saa zake za asubuhi, ambazo zamani zilikuwa za kuchora na kujaribu, zilikwenda katika kujibu ujumbe, kupima vifurushi na kupiga picha. Fedha alipata, ingawa si nyingi. Alichopoteza ni ilhamu, na mikono yake ikawa kama cherehani.

Kuna wanaosema kwamba msanii wa kweli hakosi ilhamu, eti hiyo ni zawadi inayoshuka kutoka juu ipendavyo. Sikubaliani nao. Neno letu sanaa lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutengeneza, kufanya kitu kwa ustadi. Ilhamu ya mtu wa namna hii humjia akiwa kazini, akiharibu na kurekebisha, akijaribu rangi ambayo haikuagizwa na mtu. Ukimnyang'anya saa hizo za majaribio, umeiziba chemchemi yenyewe.

Wala jambo hili si geni kwetu. Historia ya uchongaji wa Ukambani ni funzo tosha. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nyumbani na kuwarithisha wenzake ujuzi huo. Watalii walipoongezeka baada ya Vita vya Pili, soko likataka twiga, swara na vifaru, tena wa kufanana. Mafundi wenye vipaji vikubwa wakakaa miaka na miaka wakichonga mnyama mmoja kwa tezo na patasi hadi wakaweza kumchonga wakiwa wamefumba macho. Mahitaji hayo yakaila pia misitu: mpingo na muhugu ukaadimika, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini na miembe, ambayo hukua upesi. Soko lisilowekewa mpaka liliumaliza mti. Sioni kwa nini lisiimalize akili ya mchongaji.

Hapa nitaulizwa: je, kuiga ni dhambi? Marehemu au hai, wasanii wa Afrika Mashariki wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Elimo Njau, aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa msimamo wake mkali kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Hata hivyo, Mutisya mwenyewe alianza kwa kuwaiga Wazaramo. Nadhani tofauti iko hapa: mwanafunzi huiga ili apate ujuzi, kisha akaondoka na njia yake, anayeiga kwa sababu ya agizo huiga ili asiondoke mahali alipo. Kuiga kwa kwanza ni shule, kwa pili ni kifungo.

Basi tufanyeje? Kumwambia msanii aache soko ni kumwambia afe njaa. Mshika mawili moja humponyoka, na dawa ya methali hii ni kutafuta mwenzi wa kushika lile la pili. Wachongaji wa Kiakamba wa Changamwe, Mombasa, waliliona hilo zamani. Chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1963, wanachama wakawa na mahali pamoja pa kuchongea na pa kuuzia. Mchongaji alibaki na tezo yake. Suala la mteja likawa la chama. Sioni sababu ya wasanii kumi wa leo, mmoja wa shanga, mwingine wa vyondo, mwingine wa mawe, kufungua maduka kumi ya mtandaoni na kukesha kila mmoja peke yake. Waanzishe duka moja. Wamwajiri kijana mmoja wa kupiga picha, kujibu wateja na kutuma vifurushi, wamlipe kutokana na mauzo. Kila kazi iwe na alama ya aliyeitengeneza, ili jina la mtu lisipotee katika jina la kundi. Na waafikiane kwamba siku moja au mbili kila juma ni za kazi isiyoagizwa na yeyote. Bei ya kilichouzwa ibebe pia gharama ya siku hizo, kwa maana bila hizo hakutakuwa na cha kuuza kesho.

Nikiwa mwanaisimu, naongeza jambo moja. Mnunuzi wa mtandaoni hawezi kuigusa katani wala kulipapasa jiwe lililosuguliwa kwa msasa na maji. Hununua kwa macho na kwa maneno. Ajabu ni kwamba maneno yenyewe tumeyapuuza. Kiondo huitwa kikapu tu kwa Kiingereza, bila kutajwa kimesukwa kwa nyuzi gani, zikasokotwa vipi, rangi zikatoka wapi. Kitu kisicho na jina lake hufanana na vingine elfu, na cha kufanana na vingine hushindanishwa kwa bei tu. Kikiitwa kiondo, na habari zake zikasimuliwa sawasawa, mnunuzi huelewa kwa nini kilichosukwa kwa siku nyingi hakiwezi kulingana bei na kilichotoka kiwandani. Huelewa pia kwa nini kiondo cha pili hakitafanana kabisa na cha kwanza, na pengine akakitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Wengi wetu tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tunakumbuka vikapu na mafagio tuliyotakiwa kupeleka shuleni. Wapo walioyanunua sokoni na kupewa alama nzuri. Tulifunzwa kuwasilisha kitu, hatukufunzwa kubuni. Mtaala wa umilisi umeitengea sanaa nafasi katika shule za sekondari ya juu, na nafasi hiyo itakuwa na faida iwapo hatutarudia kosa lile. Mwanafunzi wa uchongaji aketi na mwenzake wa biashara amfundishe kuweka hesabu, na mwenzake wa Kiswahili amwandikie maelezo ya kazi yake. Mwalimu naye, anapotoa alama, asitazame tu kazi iliyokamilika. Aulize pia ni ngapi zilizoharibika kabla ya hiyo, na mwanafunzi alijifunza nini kwazo.