Je, Wajua? Kioo Kikiwa Cheusi, Mtafute Rubani

Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja bahari haiko wazi. Kuna Chapwani, Changuu, Bawe na fungu la Pange, na nahodha wa meli kubwa, hata awe amevuka bahari ngapi, humhitaji rubani anayezijua njia za hapo ili aifikie bandari ya Malindi. Ndani ya kompyuta ya mezani inayotumia Linux mambo ni hayo hayo. Nahodha ni keneli, kiini cha mfumo. Bandari ni kadi ya grafiki, ambayo kila kampuni huichonga njia zake kivyake. Rubani ni draiva, programu inayojua amri ipi ipite wapi hadi picha itokee kwenye kioo. Rubani akikosekana, au akija na ramani isiyo ya bandari ile, meli haizami. Inasimama tu gizani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kioo kinachokuwa cheusi mara tu baada ya kusasisha Linux kwa kawaida ni ugomvi wa nahodha na rubani, na fundi anayekimbilia kung'oa kadi anamzika mtu aliye hai.

Ugomvi huo una chanzo kinachojulikana. Keneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na wanaoitunza hawaahidi kwamba milango yake ya ndani itabaki pale ilipokuwa. Draiva zinazoishi humo humo, kama i915 ya Intel, amdgpu ya AMD iliyoingia mwaka 2015, au Nouveau iliyoingia mwaka 2010 kwa ajili ya kadi za NVIDIA, hurekebishwa pamoja nayo. Draiva ya NVIDIA wenyewe hukaa nje, kwa hiyo keneli ikibadilika sharti nayo ijengwe upya, kazi ambayo mara nyingi hufanywa kimya kimya na programu iitwayo DKMS. Kazi hiyo inahitaji umeme usiokatika, na Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme huo. Draiva haihitaji miezi mitatu. Umeme ukikatika dakika moja tu katikati ya usasishaji, inaweza kubaki nusu imejengwa, na asubuhi kioo ni cheusi. Kwenye Ubuntu, amri ya dpkg --configure -a huikamilisha kazi iliyokatizwa, bila kununua chochote.

Kuna na suala la mtumba. Kadi za GeForce 8 zilianza kuuzwa mwaka 2006. NVIDIA iliacha kuzihudumia mwishoni mwa 2019, na kizazi cha Fermi kikafuata mwishoni mwa 2022. Anayeweka draiva ya karibuni kwenye mashine kama hiyo asiilaumu kadi, wala draiva: hao wawili hawajuani. Amri ya lspci -k huonyesha jina la kadi na draiva iliyoishika. Ikiwa hakuna draiva iliyotajwa, jibu limepatikana. Kioo kikikataa kabisa, Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja mara nyingi hufungua ukurasa wa maandishi, na journalctl -b -1 husimulia yaliyotokea mashine ilipowashwa mara ya mwisho kabla ya hii. Neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari wa GRUB, programu inayoiamsha Linux, mara nyingi hurejesha picha, duni lakini inayotosha kufanyia kazi.

Atasema mtu kwamba hewa ya chumvi hula shaba, na umeme unaopanda na kushuka huunguza kadi kweli. Ni kweli, wala sidai kwamba kadi hazifi. Lakini kifo kina dalili zake. Nembo ya mtengenezaji na menyu ya BIOS hutokea kabla Linux haijaamka. Zikionekana safi, uwezekano mkubwa kadi na kioo ni vizima. Zikitokea na madoa au zisitokee kabisa, hapo fundi na ashike bisibisi. Mwengine atauliza kwa nini kujisumbua, si turudi Windows? Kadi iliyotupwa na kampuni hutupwa huko pia. Tofauti ni kwamba huku kuna Nouveau. Nayo ina aibu zake: ni nzito kwa michezo na kwa kuhariri video, ingawa kwa barua na hesabu za ofisini pale Vuga, mjini Unguja, haina shida.

Mwaka 2012, huko Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliinyooshea NVIDIA kidole hadharani, na si kidole cha shahada. Miaka kumi baadaye, Mei 2022, kampuni hiyo iliweka wazi sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya keneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 kuja juu. Kadi ya 2006 haimo.